Ndege wa Manjano Ndani ya Mafunjo ya Dunga: Mwimbaji Adimu au Mnana wa Kawaida?

Swali: Mwezi wa Januari nilikodi mtumbwi alfajiri katika kinamasi cha Dunga, karibu na Kisumu. Ndani ya mafunjo nilimwona ndege mdogo wa manjano, mwenye mdomo mwembamba mweusi, amedandia bua kama mita moja hivi juu ya maji. Mgongo wake, sehemu ya chini, ulikuwa na rangi ya kutu, na palepale alipokuwa palisikika wimbo mfupi mtamu, ingawa sikuuona mdomo wake ukifunguka, na mwelekezi wangu alikuwa nyuma akipiga kasia. Akapotea. Baada ya dakika kumi hivi akatokea tena pembeni mwa mfereji, safari hii uso na paji lote ni manjano, nikampiga picha moja kwa simu kabla hajaruka pamoja na wenzake wawili. Mwelekezi wangu alisema huyo ni mnana tu. Mimi nadhani ni yule ndege adimu wa mafunjo anayetajwa vitabuni. Nani yuko sahihi, na nifanyeje ili nipate uhakika?

Jibu:

Ndugu msomaji,

Nimeyasoma maelezo yako zaidi ya mara moja, na picha uliyoambatisha nimeikuza hadi ikaanza kupoteza umbo. Ninavyoona, wewe na mwelekezi wako huenda nyote mmesema kweli, kwa sababu haielekei kwamba ulimwona ndege mmoja mara mbili. Ndege wa kwanza, kwa jinsi ulivyomweleza, anaelekea sana kuwa yule adimu unayemkusudia, ambaye wanasayansi humwita Calamonastides gracilirostris na ambaye hapa nitamwita mwimbaji manjano wa mafunjo. Ndege wa pili, huyo aliyeingia kwenye picha, ni mnana jike. Tatizo lako basi ni kwamba picha uliyo nayo ni ya ndege wa kawaida, na ndege adimu umebaki naye kwenye kumbukumbu peke yake.

Nianze na yule adimu, ili ujue unachokitafuta. Mwimbaji manjano wa mafunjo alielezwa kisayansi mwaka 1906 na mtaalamu wa ndege Ogilvie-Grant, na ni ndege wa sentimita 13 hivi, ambaye karibu maisha yake yote huyamaliza ndani ya mafunjo. Nchini Kenya makao yake ni vinamasi vya ukanda wa Ziwa Victoria, yaani Dunga, Koguta na Kusa katika ghuba ya Winam, pamoja na kinamasi kikubwa cha Yala upande wa kaskazini. Nje ya Kenya hupatikana Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, na kuna kundi jingine lililojitenga kabisa na hayo, huko Zambia, mahali ambapo mto Luapula unaingia katika ziwa Mweru. Kwa hiyo mahali ulipokuwa hapakupi sababu yoyote ya kumkataa. Angekuwa amekutokea katika bustani ya mjini, ningekuambia mapema kwamba tuzungumze habari nyingine. Lakini Dunga, ndani ya mafunjo, mita moja juu ya maji, ndipo hasa anapotakiwa kuwa.

Kinachowapoteza watu wengi ni rangi yake. Mtu husoma kitabuni kwamba ndege huyu ni wa manjano, kisha akienda kinamasini akiona manjano yoyote moyo humruka. Ukweli ni kwamba manjano ndiyo sifa isiyokusaidia kitu katika mafunjo ya Dunga, kwa kuwa wakazi wengi wa pale wana manjano mwilini. Minana wapo wa aina kadhaa, na majike wao takriban wote wana manjano au kijani-manjano. Chiriku wa mafunjo, Crithagra koliensis, naye ana tumbo la manjano. Ukienda kati ya Oktoba na Aprili kama ulivyofanya, unaweza pia kukutana na ndege mdogo mhamaji kutoka Ulaya na Asia, Phylloscopus trochilus, ambaye ana manjano hafifu kifuani. Sifa za kukusaidia ni umbo, mwendo na mpangilio wa rangi, yaani rangi gani imekaa wapi na imeishia wapi.

Mshindani wa kweli wa ndege wako ni mmoja tu, naye ni mnana mwenye mdomo mwembamba, Ploceus pelzelni. Huyu ni miongoni mwa minana wadogo kabisa, na amezoea mafunjo kiasi kwamba hata viota vyake huvisukia humo. Dume hachanganyi mtu, kwa sababu ana kinyago cheusi usoni ambacho huonekana hata kwa mbali. Jike hana kinyago hicho. Ana mdomo mweusi na mwembamba ambao haufanani kabisa na mdomo mnene wa minana wengine, tumbo la manjano safi lisilo na michirizi, na tabia ya kudandia mabua akitafuta wadudu, mara nyingine kichwa kikiwa chini. Mtu aliyezoea kuwatambua minana kwa unene wa midomo yao, akimwona jike huyu kwa sekunde tatu, atasema bila wasiwasi kwamba huyu hawezi kuwa mnana, kisha atakimbilia ukurasa wa ndege adimu. Nimeona picha nyingi za jike huyu zikitumwa kwa furaha kwa jina la mwimbaji manjano, na sijamlaumu yeyote kati ya waliozituma, maana kufanana kwenyewe ni kwa hali ya juu.

Sasa tuwatenganishe. Mahali pa kwanza pa kutazama ni paji la uso. Kwa mnana jike, manjano ya usoni hupanda juu hadi kwenye paji, na kuanzia utosini ndipo kijani cha mgongo kinapoanza, kwa hiyo ukimtazama kwa mbele unaona uso mzima ni wa manjano na jicho limekaa katikati yake kama tone. Kwa mwimbaji manjano, paji na utosi vina rangi ile ile ya mgongo, yaani kahawia yenye kijani kidogo, na rangi hiyo hushuka hadi pembeni mwa uso. Manjano yake halisi huanzia kooni na kuteremka tumboni, na ubavuni huchafuka kwa kahawia. Mahali pa pili ni bawa lililokunjwa. Manyoya ya bawa la mnana yana kingo za kijani-manjano zinazoonekana kama mistari myembamba iliyopangwa, lakini bawa la mwimbaji ni la kahawia bila mapambo. Mahali pa tatu ni sehemu ya chini ya mgongo, pale juu ya mkia. Kwa mwimbaji, kahawia ya mgongo hugeuka hapo kuwa ya joto zaidi, karibu na kutu, nawe umeandika neno hilo hilo katika maelezo ya ndege wa kwanza. Mnana hana kutu mahali hapo. Mwisho ni mkia na miguu. Mkia wa mnana ni mfupi na umekatika, ilhali wa mwimbaji ni mrefu zaidi kwa kulinganisha na mwili, na ncha yake ina mviringo. Miguu ya mwimbaji ni mikubwa kwa ndege wa kimo chake na ina weusi, na kwa kuwa yeye hushika bua lililosimama wima, mguu mmoja juu na mwingine chini, vidole vyake huonekana vizuri kuliko unavyotarajia. Ukiwa karibu sana, utaona pia kwamba jicho lake lina wekundu.

Ukizirudia sifa hizo huku ukisoma maelezo yako, utaona jinsi yanavyogawanyika katikati. Katika tukio la kwanza umetaja mgongo wa rangi ya kutu kwa chini, ndege aliye peke yake, aliye ndani na chini, na wimbo. Katika tukio la pili umetaja uso na paji la manjano, ndege aliye pembeni mwa mfereji, na wenzake wawili walioruka naye. Hakuna sifa hata moja ya kundi la kwanza iliyojirudia katika la pili, isipokuwa manjano na wembamba wa mdomo, ambavyo ndivyo vitu viwili wanavyoshirikiana ndege hawa. Dakika kumi ni muda mrefu sana katika mafunjo. Ndege wa kwanza aliingia ndani, wewe ukabaki unatazama pale pale ukimngojea, na wa kwanza kutokea mwenye manjano ukamhesabu kuwa ndiye yeye. Jambo hili huwapata hata wenye uzoefu, na dawa yake ni kuandika kila tukio peke yake, pamoja na saa yake, bila kulirithisha sifa za tukio lililotangulia.

Kuhusu picha yenyewe sina shaka. Ingawa haina ukali, manjano yanavuka jicho na kupanda hadi paji, mkia ni mfupi, na kwenye bawa la kulia kuna angalau kingo mbili za kijani-manjano zinazoonekana. Huyo ni Ploceus pelzelni jike, na mwelekezi wako, ambaye nadhani alimwona huyu wa pili tu kwa kuwa unasema alikuwa nyuma akipiga kasia wakati wa tukio la kwanza, alisema sawasawa. Kwa jumla, waelekezi wa Dunga wamekulia katika mafunjo hayo, au togo kama wanavyoyaita wenyewe, na neno lao nalipima kwa uzito kuliko jibu la programu ya simu, ambayo ikiletewa picha yenye giza huelekea kutaja ndege anayeripotiwa zaidi au yule aliye wa manjano kuliko wote.

Wimbo ndio unaonivuta zaidi kwa yule wa kwanza, ijapokuwa umekiri kwamba hukuuona mdomo wake ukifunguka. Sauti zinazotawala mafunjo ya Dunga si tamu. Mwimbaji mkubwa wa vinamasi, Acrocephalus rufescens, hutoa makelele mazito ya kukwaruza ambayo mgeni anaweza kuyadhania ni ya chura. Bradypterus carpalis, mwenye alama nyeupe kwenye ukingo wa bawa, huanza na milio mizito inayoachana, huiharakisha kadiri anavyokwenda, na mwisho humalizia kwa kupigapiga mabawa hadi ukasikia mvumo wake. Minana huchakarisha. Wimbo wa mwimbaji manjano wa mafunjo ni mfupi, laini na wenye sauti za majimaji, nao hubadilikabadilika kutoka mara moja hadi nyingine, hivyo ni vigumu kuuiga lakini ni rahisi kuuhisi tofauti yake ukiwa umeshazizoea sauti nyingine. Ukiwa utarudi Dunga kwa ajili yake, ningekushauri jioni kabla ya safari usikilize rekodi za hao wengine watatu kuliko kusikiliza rekodi yake yeye. Ukizijua sauti za kawaida, ile isiyo ya kawaida itajitokeza yenyewe.

Wapo wengine wachache wa kuwaondoa, nami nitawapitia haraka. Iduna natalensis ni ndugu wa manjano anayefanana naye zaidi katika vitabu, lakini hapo utasaidiwa na utosi wake wa kahawia iliyokolea unaoachana waziwazi na mgongo, mdomo wake mpana penye shina wenye taya la chini la rangi hafifu, na tabia yake ya kukaa wima juu ya kichaka kidogo mahali pa wazi. Yeye hupenda majani marefu na vichaka vya kando ya maji na kando ya misitu, wala hazami ndani ya mafunjo mazito. Chiriku wa mafunjo ana mdomo mfupi mnene wa kupasulia mbegu, na ana michirizi, kwa hiyo neno lako kuhusu mdomo linamtoa mara moja. Yule mhamaji, Phylloscopus trochilus, ana mstari hafifu juu ya jicho, ni mwepesi, na hupenda zaidi miti na vichaka vya nchi kavu kando ya kinamasi. Mnana wa koo la kahawia, Ploceus castanops, ambaye ni mwingi katika vinamasi hivyo, jike wake ana mdomo mnene zaidi na jicho jeupe linaloonekana kwa mbali.

Nije sasa kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, la namna ya kupata uhakika. Jambo la kwanza ni jua. Pwani ya Dunga inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi mtu aliye katika mtumbwi ziwani akiutazama ukuta wa mafunjo, jua limo machoni mwake, na ndege wote wanageuka kuwa vivuli vyenye mng'ao wa manjano pembeni. Mwanga unaopenya kwenye vishungi vya mafunjo nao huchukua rangi ya kijani-manjano na kuwapaka ndege walio chini yake, hata wale wasio na manjano ya asili. Mwombe mwelekezi akuingize katika mfereji mwembamba ambao unakuwezesha kutazama ukiwa umelipa jua kisogo, na ukae hapo. Watu wengi hutaka mtumbwi uwe ukienda muda wote, wakidhani kwamba kuona maeneo mengi ni kuona ndege wengi. Kwa ndege huyu ni kinyume. Eneo lake ni dogo, naye hulizunguka akirudi pale pale, kwa hiyo nusu saa ya kutulia mahali palipo na sauti yake ina faida kuliko asubuhi nzima ya kupiga kasia.

Saa nazo zina maana yake. Usiku na alfajiri upepo huvuma polepole kutoka nchi kavu kwenda ziwani, kisha mchana hugeuka na kuja kwa nguvu kutoka ziwani. Upepo huo wa mchana ukishaanza, kila shungi linatikisika, na jicho linalotegemea kuona bua moja likitikisika peke yake halina tena la kufanya. Hapo ndipo penye siri ya kumwona ndege huyu: usimtafute ndege, tafuta bua linalotikisika wakati mengine yametulia, kisha shusha darubini kwenye shina la bua hilo hilo badala ya kwenye shungi. Anatembea chini, kati ya usawa wa maji na nusu ya urefu wa mafunjo, na hupanda juu kwa muda mfupi tu anapoimba. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Ile inayokuza mara kumi au kumi na mbili inavutia dukani, lakini ndani ya mtumbwi unaoyumba itakupa ukungu mtupu, tena mafunjo yako karibu nawe kiasi kwamba ukuzaji huo huuhitaji.

Chagua vizuri pia mahali. Mafunjo yaliyokatwa karibuni, yenye mabua ya kimo cha goti, hayamfai, wala ukingo unaopakana na mashamba ya nduma na mboga. Ningeanzia pale ambapo mafunjo marefu na mazito yanapakana na mfereji, hasa mahali ambapo utamsikia gonoleki wa mafunjo, Laniarius mufumbiri, yule mwenye kifua chekundu na utosi wa dhahabu ambaye dume na jike wake huitikiana. Gonoleki huyo hupenda mafunjo makubwa, na sauti yake ni dalili nzuri kwamba umefika mahali penye kina cha kutosha. Usitegemee sana kumbukumbu ya mahali ulipomwona Januari kwa kutazama mafunjo yenyewe. Sehemu za mafunjo huwa zinaelea, humeguka wakati wa upepo na kuhamishwa, na gugumaji nalo huziba mfereji uliokuwa wazi wiki iliyopita. Washa ramani ya simu uweke alama ya mahali, kisha tafuta na kitu kimoja cha nchi kavu, kama mti au mnara, kiwe mwongozo wako.

Ukifika na ukamsikia, kabla ya kuinua kamera washa kinasa sauti cha simu na ukiache kikiendelea. Kwa ndege wa aina hii rekodi ya sauti, hata yenye kelele za maji na kasia, ina uzito kuliko picha iliyofifia, kwa sababu inaweza kusikilizwa na watu wengine na kulinganishwa na nyingine. Sema kwa sauti ndani ya rekodi hiyo hiyo kile unachokiona: paji lina rangi gani, bawa lina kingo au halina, chini ya mgongo pakoje, mkia ukoje. Ukifanya hivyo utakuwa umeandika maelezo yako kabla hujafungua kitabu, na tofauti ya maelezo ya kabla na ya baada ya kufungua kitabu ni kubwa mno, maana kitabu humpa mtu macho ambayo hakuwa nayo alipokuwa anatazama.

Lipo jambo ambalo hukuniuliza, lakini najua litakujia. Utashawishika kumchezea ndege huyo sauti yake kutoka kwenye simu ili ajitokeze. Ni kweli atajitokeza mara nyingine, kwa kuwa atadhani mwingine ameingia katika eneo lake. Lakini Dunga ni mahali padogo panapofikiwa na watu wengi, na jozi moja inaweza kuchezewa sauti na mgeni wa Jumatatu, wa Jumanne na wa Jumatano, kila mmoja akiamini kwamba yeye ni mmoja tu. Ndege anayehangaika kufukuza adui asiyekuwepo hawezi kulisha makinda wala kukaa juu ya mayai. Mimi ningekuomba uiache kabisa katika kinamasi hicho. Subira na ukimya vitakupa kile kile kwa kuchelewa kidogo.

Kuhusu kuandikisha ulichokiona, ningefanya hivi. Huyo wa picha mwandikishe kwa jina lake, mnana mwenye mdomo mwembamba, uambatishe na picha, maana naye ni ndege wa mafunjo na taarifa zake zina thamani. Yule wa kwanza usimwandikishe bado kama mwimbaji manjano. Hifadhi maelezo yake katika daftari lako, pamoja na tarehe, saa na mahali, kama ndege anayeshukiwa. Ramani ya ndege wa Kenya, yaani Kenya Bird Map, hukusanya taarifa kwa miraba ya dakika tano kwa dakika tano za longitudo na latitudo, ambayo kwa nchi yetu ni mraba wenye upande wa kilomita tisa hivi, na taarifa moja yenye makosa katika mraba kama wa Dunga hubaki humo ikisomwa na watu waliokuwa hawapo. eBird, mtandao wa kimataifa wa kuandikisha ndege walioonwa, nayo inakuruhusu kuandika ndege ambaye hujamtambua hadi kwenye spishi, na si aibu kutumia nafasi hiyo. Wengine wataniona mkali kupita kiasi katika hili. Lakini ndege huyu kwa miaka mingi ameorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, miongoni mwa wale wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka, na vinamasi alivyobaki navyo vinapungua. Utafiti uliolinganisha hali ya mwaka 1969 na ya mwaka 2000 ulikuta kwamba Dunga ilikuwa imepoteza takriban nusu ya mafunjo yake, Koguta karibu kiasi hicho hicho, na Kusa kama theluthi moja. Yala nayo, iliyo kubwa kuliko zote, ilishakatwa kipande cha hekta 2,300 kwa ajili ya kilimo. Anayetaka kutetea kipande kilichobaki atahitaji taarifa ambazo mtu mwingine hawezi kuzitilia shaka, na taarifa moja iliyothibitishwa kwa sauti humsaidia kuliko kumi za kubahatisha.

Hapo nisieleweke kwamba nawalaumu wanaokata mafunjo kwa ajili ya mikeka na vikapu. Mafunjo yaliyokatwa huchipua tena, na mkataji anayehama kutoka sehemu hadi sehemu huacha nyuma yake kinamasi chenye mafunjo ya rika mbalimbali. Kinachoua ni kuchoma moto, kuchimba mitaro ya kutoa maji na kulima hadi ukingoni, kwa sababu hapo mafunjo hayapewi nafasi ya kurudi. Mwelekezi wako atakuonyesha tofauti hiyo kwa macho, na ukimuuliza ni sehemu zipi hazijakatwa kwa muda mrefu atakuwa amekuonyesha pia pa kuanzia kumtafuta ndege wako.

Ukitaka kurudi, usisubiri Januari nyingine, kwani ndege huyu hahami. Yuko hapo mwaka mzima. Ningependelea uende wakati yule mhamaji wa Ulaya hayupo, kuanzia Mei hadi Agosti, ili mmoja wa wanaokuchanganya awe ameshaondoka. Mwambie mwelekezi tangu mwanzo kwamba unataka kukaa mahali pamoja na kwamba injini isiwashwe, mkubaliane na malipo kwa saa badala ya kwa mzunguko, kisha ukipata sauti nitumie rekodi yote bila kuikata, hata kama sehemu kubwa yake ni makelele ya minana.